Nafasi ya Mwana wa Jumbe

Enzi za Mdachi, mjomba wangu alikuwa jumbe kwetu Handeni. Siku moja akida, mkubwa wa majumbe wa vijiji, alipita kijijini, akatazama karatasi, kisha akamwambia mjomba maneno yaliyosemwa huko Tanga! Tangu hapo sikutulia. Karatasi haina mdomo, inasemaje? Nilimwuliza kila mtu, hata mama akaniambia nitamtoboa masikio.

Ndipo ikatangazwa kwamba shule ya serikali Tanga itapokea mtoto mmoja kutoka kwa kila jumbe: chakula bure, nguo bure, malazi bure, na kibao cha kuandikia. Wengi waliwaficha wana wao, wakidhani wanapelekwa uaskari. Mimi? Nilikuwa nimeshakunja mkeka wangu. Mjomba hakusita kunichagua, maana kwetu Wazigua anayerithi ni mtoto wa dada. Mwanawe wa kumzaa alifuatana nasi kunibebea mzigo tu, hadi Korogwe kwa akida.

Akida, mtu wa pwani, alinitazama akaridhika. "Umemzaa wewe?"

"Ni mpwa wangu, Bwana Akida. Ndiye mrithi wangu."

"Amri inataka mwana wa jumbe, wa kumzaa." Kisha akamwinamia mjomba, nadhani alinihurumia. "Mzee, sema tu umemzaa wewe. Nani atajua?"

Nilimkazia mjomba macho. Sema, mjomba, sema!

Mjomba aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Astaghfirullah! Nimzae na dada yangu?"

Akida alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akamnyooshea kidole binamu yangu. "Na huyu mbeba mkeka?"

"Huyo ni mwanangu tu."

"Basi huyo ndiye anayekwenda."

Binamu aliangua kilio. Akapandishwa garimoshi na mkeka wangu, yeye akilia kwa kuwa anakwenda, mimi nikilia kwa kuwa nabaki. Jamani, niliumia!

Njiani mjomba alinibembeleza. "Nyamaza, mpwa wangu. Wewe utakalia kiti changu."

"Kiti kinafundisha kusoma, mjomba?"

Akaongeza mwendo mpaka tukavuka mto.

Kiti nilikuja kukirithi kweli. Karatasi za serikali zikija, binamu husimama kando yangu akanisomea, na watu hudhani nasikiliza habari. Wapi! Nayatazama macho yake tu, yanakimbilia nini pale.