Malori Yasiyopatikana Mtandaoni

Kofi la kwanza lilitua kabla sijawasha kompyuta. Nilikuwa katika ofisi ya kampuni ndogo ya malori huko Makindye, nikitafuta pa kuchomeka waya, mwenye kampuni akampiga mdogo wake shavuni mbele yangu, mbele ya madereva wawili na birika la chai. Alimpiga kama mtu anayefungua kikao kwa dua.

Mimi ni Mkenya, nimekaa Kampala miaka mingi, na kazi yangu ni kutibu tovuti zinazougua. Wateja wenye hasira hawanitishi kwa sababu mimi mwenyewe sina subira. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini hapo nilikuwa bado sijaelewa nimeitiwa nini.

Mwenye kampuni alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari. Yeye hakuwahi kuvaa sare, ila madereva walimwita afande na yeye aliitika. Malori yake yalibeba mizigo kutoka bandari ya Port Bell. Mdogo wake ndiye aliyeijenga tovuti, na ndiye pekee aliyejua neno lake la siri. Zamani mtu akitafuta lori mtandaoni aliwapata wao kwanza. Sasa hawakuonekana kabisa, na juu alikaa mshindani wao wa Nsambya, ambaye huyo mdogo alionekana akinywa naye chai.

"Nyabo, tafuta," afande aliniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Mimi najua huyu ameuza sisi. Rori yangu yote inalala. Wewe tafuta tu alifanya namna gani. Ukipata, ye hatatoka hapa na miguu yake."

"Kaka, sijauza," mdogo wake alisema, akapigwa kofi la pili.

Nikafungua tovuti kwa anwani yake kamili. Ikafunguka vizuri, picha zote zipo. Nikaandika jina la kampuni kwenye mtambo wa kutafutia. Hakuna. Tovuti iliyoshindwa na mshindani huteremka, utaikuta ukurasa wa tatu au wa nne. Isiyoonekana hata kwa jina lake imefungiwa mlango kutoka ndani. Na aliyeingia humo ndani alikuwa mtu mmoja tu.

Mahali pa jina lao kwenye skrini likatokea jina la mshindani. Afande aliliona. Akachukua spana ya gurudumu iliyokuwa nyuma ya mlango, akaishusha kwenye mkono wa kulia wa mdogo wake. Nilisikia mfupa ukivunjika, nikamsikia yule kijana wa watu akivuta pumzi bila kupiga kelele. Dereva mmoja akatoka nje. Mwingine akaangalia viatu vyake.

"Afande, ngoja," nikasema. "Ukimuua saa hii, nani atanipa neno la siri?"

Akangoja. Nikafungua msimbo wa ukurasa, yale maandishi ya nyuma ambayo wageni hawayaoni. Mstari ulikuwa pale juu, mfupi, ukiiambia mitambo yote ya kutafutia isiuhifadhi ukurasa huu. Ni kisanduku kimoja katika mipangilio, mtu anaweka tiki, basi. Nilitafuta uongo wa kusema na sikuupata haraka.

"Tovuti imefichwa kwa makusudi," nikasema. "Kuna mtu aliagiza isipatikane."

Spana ikapanda. Mdogo wake, aliyekuwa sakafuni akiukumbatia mkono wake, akainua uso kama aliyeamshwa.

"Kaka, hiyo ni ile ya msiba ya baba."

Akaeleza polepole, meno yakigongana. Siku walipomzika baba yao, simu ya afande iliita makaburini. Alikuwa mteja aliyewapata mtandaoni, anataka lori. Afande aliona aibu mbele ya wazee, kwa kuwa kwao nyumba yenye tanga haifanyi biashara mpaka mkubwa aliyefunga afungue mwenyewe kwa dua. Akatoa amri palepale kwamba mtu akitafuta asiwapate. Mdogo wake akatii, akabandika tangazo la msiba kwenye tovuti na kuweka ile tiki. Tanga lilipoisha afande akasoma dua, akafungua geti, akaendesha lori la kwanza kulitoa. Mdogo akaondoa tangazo. Tiki hakuna aliyeikumbuka.

"Ni wewe ulisema, kaka."

Nilidhani ataiweka spana chini. Afande alimtazama dereva aliyebaki, akaona kwamba amesikia, akampiga mdogo wake begani kwa nguvu kuliko mwanzo. Mwenye kosa akiumbuliwa hupiga zaidi ya aliyekosewa. Hapo nami nikalinyanyua birika na kumpiga nalo kichwani. Chai ilituchoma wote wawili. Alinisukuma ukutani, nikaona nyota, nikamrudia nikiwa nimeshika kifuniko. Dereva ndiye aliyetuachanisha, akiomba, "Banange, afande, nyabo, muache."

Damu ilikuwa ikimtoka afande juu ya jicho. "Fungua hiyo kitu," akaniambia.

"Muombe mwenye neno la siri."

Hakuomba. Mdogo wake alijivuta hadi mezani bila kuombwa, mkono wa kulia ukining'inia, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja cha kushoto. Skrini ilionyesha nukta tu, lakini mimi nilikuwa nimeinama karibu naye nikiviona vitufe, herufi moja moja, jasho likidondoka juu yake. Akaingia, akaitoa tiki, akahifadhi.

Neno la siri la mteja halitamkwi mbele ya watu, na kwa kazi yangu hilo ni kama amana. Nilimgeukia afande nikalitamka. Nilitaka limuume, maana birika halikumuuma vya kutosha.

"Ni jina lako," nikamwambia.

Afande akaiachia spana. Mdogo wake, aliyevumilia mfupa kuvunjika bila kutoa chozi, akaanza kulia.