Jumapili ya Sinema katika Ghala la Mzee Isihaka

Eliwaza alipigwa na mumewe kwa mara ya kwanza wiki tatu baada ya harusi, kisa makande hayakuiva. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka Ugweno kwa baba mkulima wa kahawa, mtu mpole asiyejua hata kugomba. Mumewe, Melkizedeki, alikuwa mnyapara wa gengi la reli pale Same. Wiki nzima alishinda na watu wake akinyanyua mataruma ya reli na kupiga nyundo, na ngumi yake ilikuwa na uzito wa kazi hiyo. Ilitua kwenye sikio la kushoto. Tangu siku ile sikio hilo halikusikia vizuri, na watu waliomfahamu baadaye walidhani ana maringo, maana ukimwita kwa upande huo hageuki.

Ikapita miaka minane. Alivunjwa kidole, aling'olewa meno mawili, na mwaka 1949 mimba ya miezi mitano iliharibika kwa teke la tumbo. Majirani walisikia yote, kwa sababu nyumba za wafanyakazi wa reli zilitenganishwa kwa ukuta wa bati tu. Asubuhi walisalimiana kama kawaida. Jumapili Melkizedeki alisimama kwenye kwaya akaimba sauti ya chini, nzito na nzuri, na wanawake wa usharika walimwambia Eliwaza kuwa amejaliwa.

Waliokuwa wakijua zaidi ni watoto wake wawili. Tumainieli, binti wa miaka saba, alijifunza kutambua hatua za baba yake kokotoni na kumvuta mdogo wake uvunguni kabla mlango haujafunguliwa. Asheri, wa miaka minne, alijifunza kujikunja na kufunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Mwezi wa nane mwaka 1951 alifika Same mtu aitwaye Iddi, na gari kuukuu, jenereta na mashine ya sinema. Alikodi ghala la ngozi la Mzee Isihaka, karibu na stesheni, akaziba madirisha kwa magunia ili aonyeshe picha mchana, akatundika shuka jeupe ukutani. Viti vilikuwa mbao zilizolazwa juu ya madebe. Mji mzima ukawa unazungumza habari hiyo.

Mwanaasha, mjane wa jirani aliyeuza vitumbua stesheni, ndiye aliyelianzisha jambo.

"Mama Tumaini, Jumapili tuwapeleke watoto sinema."

"Baba yao hajatoa ruhusa."

"Baba yao yuko Makanya na kiberenge cha reli, anarudi Jumatatu. Nani atamwambia?"

Eliwaza akageuka. Watoto walikuwa mlangoni wanasikiliza, na wala hawakuthubutu kuomba. Hilo la kutoomba ndilo lililomchoma.

"Haya," alisema. "Hata mimi sijaiona."

Jumapili saa nane mchana waliingia. Watoto walikuwa wameogeshwa na kupakwa mafuta mpaka magotini. Ndani kulinuka ngozi na moshi wa jenereta. Asheri alikaa katikati ya mama na dada yake, ameshika kitenge cha mama kwa ngumi. Mwanga ulipopiga shuka na watu wakaanza kutembea juu yake, alifungua mdomo na kusahau kuufunga.

"Mama, wameingiaje?"

"Tazama tu," Eliwaza alimwambia, naye mwenyewe hakujua.

Picha haikuwa na sauti. Iddi alisimama kando ya mashine akiieleza kwa mdomo. "Huyu mnene ni fundi wa rangi. Sasa amemwaga ndoo. Tajiri wake huyo anakuja na ubao. Mtaona kazi. Chekeni!"

Tajiri alimpiga mnene ubao wa kisogo. Ghala zima lilicheka. Akampiga tena, mnene akaanguka kwenye rangi, akainuka, akapigwa. Mwanaasha alicheka mpaka akajifuta machozi. Watoto wa mji walipiga miguu chini. Eliwaza mwenyewe alikuwa ameanza kucheka, kisha akahisi kitenge kimeachiwa. Alitazama chini. Asheri alikuwa ameteleza kutoka kwenye mbao, amejikunja kati ya madebe, mikono juu ya kichwa. Tumainieli alikuwa amekaa wima bila kucheka, anatazama mlango.

Watu wa mstari ule waliona. Mmoja baada ya mwingine wakaacha kucheka. Mwanaasha aliinama kumtoa mtoto, na mtoto akajikaza zaidi.

"Mwache," Eliwaza alinong'ona. "Atatoka mwenyewe."

Ndipo mlango ukafunguliwa na jua likafuta picha yote. Watu wakapiga kelele mlango ufungwe. Aliyeingia alikuwa Melkizedeki. Kiberenge kilikuwa kimeharibika njiani, akarudi Same kwa treni ya mizigo, akakuta nyumba tupu, na mtu wa kwanza aliyemuuliza akamwambia mke wake yuko sinema.

Mlango ulijifunga nyuma yake, picha ikarudi, na ikamwangukia yeye kwenye shati jeupe la kazi alipokuwa akipita mbele ya shuka. Alimshika Eliwaza kwa nywele, akamvuta juu ya mbao tatu mpaka mbele ya shuka, akampiga usoni. Waliokaa nyuma walicheka, wakidhani ni mchezo wa Iddi. Akampiga tena, na tena. Damu ilirukia shuka. Kicheko cha nyuma kikafa.

Tumainieli aliruka akamng'ata baba yake mkono. Melkizedeki alimkung'uta kama mtu anayekung'uta siafu, kisha akampiga kofi lililomtupa kwenye pembe ya mbao. Nyusi ikapasuka. Mtoto hakulia. Alikaa chini akashika uso, na damu ikapita kati ya vidole vyake.

Eliwaza aliiona ile damu. Katika miaka minane hakuwahi kuinua mkono. Sasa aliokota debe tupu lililokuwa miguuni pake, akalishika kwa mikono miwili, akampiga nalo mumewe usoni. Pua ilivunjika kwa sauti ambayo hata sikio lake bovu liliisikia. Melkizedeki alirudi nyuma, akajikwaa, akaanguka pamoja na shuka. Eliwaza akamfuata. Alimpiga mabegani, kichwani, kwenye mikono aliyoinua kujikinga. Debe lilibonyea likawa bapa naye hakuacha. Wanaume wanne pamoja na Mwanaasha ndio waliomtoa juu ya mtu ambaye alikuwa ameshaacha kujitetea.

"Utamuua, dada," Mwanaasha alimwambia kwenye sikio lake zima. "Watoto wanakutazama."

Miaka mingi baadaye Eliwaza alimweleza Mwanaasha kwamba hakujutia pigo la kwanza. Kilichomtisha ni kwamba mapigo ya mwisho yalimpendeza.

Shauri lilikwenda barazani. Melkizedeki alifika na uso uliofungwa bendeji, akasema sinema imemharibu mke wake. Wazee wa usharika walikuja kuomba Eliwaza arudi nyumbani, wasameheane. Kwa miaka minane Eliwaza asingepata shahidi hata mmoja. Sasa walikuwa zaidi ya arobaini, na wengine walisimama kusema kabla ya kuitwa. Iddi naye aliitwa.

"Niliwaambia watu wacheke," alisema. "Mtoto yule alijificha, mimi nikaendelea kuwaambia wacheke."

Mwanaasha aliulizwa kama aliwahi kusikia ugomvi kabla ya siku ile. "Kila wiki," alijibu, na akainamisha kichwa. "Ukuta ni wa bati."

Baraza likamruhusu Eliwaza arudi kwa baba yake pamoja na watoto, ila Asheri arudishwe kwa Melkizedeki akitimiza miaka saba. Walipanda lori mpaka Mwanga, na kutoka hapo wakapanda mlima kwa miguu hadi Ugweno. Njiani Asheri aliuliza yule mnene wa sinema alifikia wapi. Mama yake akamwambia hajui.

Melkizedeki alihamishiwa Korogwe, akaoa tena. Mtoto alipofika miaka saba hakuja kumchukua. Watu wa reli walileta habari kwamba huyo mke mpya naye ana kidole kilichopinda.

Eliwaza alilima kahawa na migomba kwenye shamba la baba yake. Hakuolewa tena. Mwaka Asheri alipofikisha miaka tisa, aliachia mbuzi wakaingia kwenye miche michanga ya kahawa wakaila yote. Eliwaza alichukua fimbo. Alimchapa mara tatu, na ya tatu ilikuwa na nguvu ambayo mkono wake uliitambua. Akasimama. Aliiweka fimbo chini, akatoka, akakaa peke yake kando ya mtaro wa maji.

Aliporudi alimkuta mtoto amesimama palepale.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia.

Asheri hakuwahi kumsikia mtu mzima akimwambia mtoto maneno hayo. Aliuliza kama aende kuwafunga mbuzi.

"Twende wote," mama yake akasema, wakashuka.