Nyumba ya Drusilla Chini ya Paa Moja

Nyumba ya Drusilla huko Mosocho ilikuwa vipande viwili: vyumba vya kulala huku, jikoni kule, na ua wa matope katikati. Tangu avunjike nyonga, kuvuka ua wakati wa mvua kulimtesa.

Fundi Masese alishauri yote yabomolewe. Drusilla akakataa katakata, kwani marehemu mumewe ndiye aliyeijenga.

“Basi tuunganishe, mama,” bintiye Lorna akasema.

Wakajenga ukumbi wa saruji kati ya vipande hivyo, wakaezeka paa moja juu ya vyote.

Mvua ya kwanza ilipomwagika, Drusilla alipita ukumbini polepole, kikombe mkononi, akaketi.

“Asante, mwanangu,” alisema, machozi yakimlengalenga. “Leo chai imefika ikiwa moto.”