Kumshika Mapigo Mgonjwa Ndani ya Gari Linalotetemeka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Lukuledi, Muuguzi Mfawidhi hakunipa sindano wala kitabu. Alinikalisha mbele ya bibi mmoja mwenye homa, akaniambia nimshike mapigo ya moyo. Nikamshika kwa dole gumba. Akanipiga kikofi cha mkono.

"Dole gumba lina mapigo yake lenyewe," alisema. "Ukilitumia utajihesabu wewe, mgonjwa anakufa huku unaandika ya kwako."

Tangu hapo natumia vidole viwili, cha shahada na cha kati, pale mshipa unapopita juu ya mfupa wa kifundo cha mkono. Ninyi vijana mna vile vibanio vya kidole vyenye taa nyekundu. Vizuri sana. Betri zikiisha mtanikumbuka.

Kutoka Lukuledi nilihamishiwa Tandahimba, kisha Makote, kisha kituo cha afya kimoja huko Newala nilikomalizia utumishi. Kote huko nilikuwa mkunga, na nusu ya kazi ya mkunga wa vijijini ni kusindikiza rufaa, yaani kukaa na mgonjwa njiani mpaka umkabidhi kwa daktari wa hospitali kubwa. Nimesindikiza kwa baiskeli, nimesindikiza kwa trekta, na msimu wa korosho nimesindikiza juu ya magunia, mama ana uchungu na utingo anatukataza kukanyaga mzigo. Hayo silalamikii. Lori la korosho halikuwahi kujiita ambulensi.

Kilichonichosha roho ni gari jipya.

Lilikuja miaka yangu ya mwisho kazini. Jipya kweli, viti bado vina nailoni, na dereva wetu, Baba Rehema, alikataa kuzitoa mpaka Mganga Mfawidhi alipomkaripia. Tulilipigia vigelegele. Safari ya kwanza kushuka hospitali ya Masasi, kwenye vumbi lilikwenda salama. Tulipoingia kipande cha lami Baba Rehema akaongeza mwendo, na hapo sakafu ya nyuma ikaanza kutetemeka. Si kurukaruka kwa mashimo. Ulikuwa mtetemo mwembamba, wa haraka haraka, unaopanda kwenye machela mpaka kwenye mifupa. Nikaweka vidole kwenye mkono wa mgonjwa, nikahisi gari. Nikabonyeza zaidi, nikahisi gari. Kupima presha ndiyo usiseme, masikioni ni mvumo mtupu.

"Mbona huku mbele shwari, Sista?" Baba Rehema aliniuliza. Na ni kweli, usukani wake ulikuwa umetulia kabisa.

Wauzaji walikuwa na tawi Masasi, ukumbi wa vioo mbele na karakana nyuma, na gari lilikuwa na waranti, ile ahadi ya kutengenezewa bure likiwa bado changa. Tukalipeleka. Fundi wa zamu akalizungusha sokoni, mahali ambapo hata gia ya tatu huipati, akarudi akipangusa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. "Hiyo ni kawaida ya gari jipya. Litazoea."

Halikuzoea. Tulipolirudisha wakasema barabara zetu za huko juu ni mbovu. Nikawaambia kwenye barabara mbovu linatulia, linatetemeka kwenye lami! Wakalifanyia balansi, yaani kubandika vipande vidogo vya risasi kwenye rimu ili magurudumu yazunguke bila kuyumba, likatoka linatetemeka pamoja na risasi zao. Safari iliyofuata kosa likawa la dereva. Baba Rehema, mtu aliyezeeka kwenye usukani, alipanda mlima wote wa kurudi nyumbani akiwa amekunja uso.

"Mnapolijaribu, nyuma anakaa nani?" nilimuuliza yule fundi.

"Nyuma hakai mtu, mama. Nyuma ni kwa wagonjwa."

Nikarudi kituoni nikipiga makelele. Mganga Mfawidhi, daktari mpole asiyependa makelele, aliniita ofisini. "Mama Fadhili, tuwe wapole. Tukiwakasirisha watatuchelewesha."

"Daktari, tumeshacheleweshwa kwa upole huo huo," nikamjibu. Alicheka, lakini hakuwapigia simu wauzaji.

Ndipo akaja Somoe, msichana wa Makote, uzazi wake wa kwanza. Alijifungua vizuri pale kwetu, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Lakini kipande cha kondo la nyuma, ile nyama inayomlisha mtoto tumboni, kilibaki ndani na damu ikakataa kukatika. Tukamwachia bibi yake mtoto, nikamtundikia Somoe dripu mikono yote miwili, tukashuka. Kazi yangu njiani ilikuwa moja: kujua mapigo yake. Yakienda mbio na kuwa membamba, damu inamwishia, nifungulie maji zaidi.

Tukafika kwenye lami. Nikahisi gari.

"Simama!" Baba Rehema akasimama. Mapigo yapo, yanakwenda mbio. Tukaondoka. Baada ya muda, simama tena.

"Sista, tukisimama namna hii hatufiki," alisema, na sauti yake ilikuwa inaomba.

"Nisipomshika sijui nifanye nini!"

Tulikuwa tunagombana juu ya mgonjwa, wallahi. Somoe alikuwa amefumba macho. Akasema taratibu, "Sista, msisimame. Niite tu. Nitaitika."

Basi nikawa naita. "Somoe!" "Abee." Kidogo tena, "Somoe!" "Abee." Miaka yote ya kazi, vidole vyangu viwili, gari la kisasa lenye king'ora, na kipimo pekee kilichobaki ni abee ya binti wa watu. Ikawa inapungua. Tulipokaribia kuingia Masasi nikaita, kimya. Nikaita tena. Tukasimama kando ya barabara, nikatafuta, nikayapata, membamba kama uzi. Nikafungulia maji yote, na Baba Rehema akaendesha kwa namna ambayo siwezi kuisimulia mbele ya askari wa barabarani.

Madaktari walimwokoa. Lakini ili damu ikatike iliwabidi wamtoe kizazi. Daktari wa upasuaji hakunilaumu, alisema tu kwamba damu ilikuwa imekwenda nyingi. Kule kusimama kwetu kulimgharimu nini, hakuna atakayejua. Mimi najua tu kwamba nisingesimama kama gari lingekuwa gari, na mpaka leo nina hasira.

Kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa vioo, sare yangu ikiwa na damu. Dada wa mapokezi akatabasamu. "Karibu, mama. Una miadi?"

Sitaandika nilichomjibu. Kilimtoa Meneja wa Huduma ofisini, kijana wa shati jeupe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Panda nyuma."

Alipanda, nadhani kwa kuogopa damu. Nikalala mwenyewe kwenye machela, nikampa mkono, nikamwonyesha pa kuweka vidole. Baba Rehema akashika barabara ya Tunduru, lami tupu, akakanyaga mafuta.

"Unahesabu?"

"Nahesabu, mama." Akahamisha vidole. Akabonyeza mpaka nikaumia. "Mama, sikupati." Kisha akagonga kioo cha dereva. "Simama kidogo nimsikie!"

Gari likasimama. "Ni propela," alisema mwishowe, akimaanisha ule mtaimbo wa chini ya sakafu unaopeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma. "Ikipinda kidogo tu, anayeumia ni wa nyuma."

Mnadhani lilitengenezwa? "Kawaida" ikageuka "kipuri kipo njiani". Kipo bandarini. Kimefika, siyo chenyewe. Baba Rehema akawa anatambaa kwenye lami, bodaboda zinatupita huku king'ora kinalia, naye anaona aibu. Nikastaafu kipuri kikiwa njiani. Baadaye lilipona, na mkunga aliyenirithi anasema sasa linateleza. Nafurahi, na ninakasirika kwa kufurahi. Ninyi mlioko kazini, mkiletewa gari la wagonjwa, msilipokee kabla hamjalala mahali atakapolala mgonjwa, likiwa kwenye mwendo.

Juzi Somoe alikuja kunisalimu na binti yake, ambaye sasa anakimbiza kuku wangu. Simu ikaita. Msichana mwenye sauti tamu alisema ni wa huduma kwa wateja kwa wale wauzaji wa gari, ambao namba yangu ilibaki kwenye fomu zao, anataka kujua tuliridhika kiasi gani. Nilifungua mdomo nimpe anachostahili, nikaufunga. Nikampa Somoe simu. "Ongea naye. Wewe ndiye uliyepanda."

"Mama, kwa huduma zetu, nikuandikie ngapi, kati ya moja na tano?"

Somoe alimtazama mwanawe. "Mmoja," alisema. "Nilitaka wengine, lakini ndiye huyo huyo mmoja."

"Asante, mama," alisema yule msichana. "Nimeandika moja."