Buti za Kanali

Melkiades Chipana alikuwa fundi viatu wa pekee pale Pukarumi, na hakuwa na desturi ya kumsalimia mtu usoni. Alianza na miguu. Ukiingia karakanani kwake alikutazama visigino kwanza, akakwambia unaegemea kushoto, ndipo akakuuliza habari za nyumbani. Watu walimvumilia kwa sababu soli zake hazikuvuja, na mvua za milimani hazina huruma na mtu.

Watoto wake walipokwisha kwenda Lima mmoja baada ya mwingine, karakana ilipoa. Redio ikawa inajisemea peke yake. Ndipo mzee akajitafutia mwenzake: simbilisi dume, kijinyama cha kufugwa kidogo kuliko sungura, mwekundu, mwenye sharubu za kutisha na mwendo wa majivuno. Simbilisi wengine wa nyumba hiyo waliishi jikoni kwa mkewe Basilia, pembeni mwa meko, wakila, wakizaana na kungoja sikukuu ya kuliwa. Huyu alimtoa humo angali mdogo wa kutosha kiganjani, akamwita Kanali na kumhamishia karakanani. Mji mzima ulicheka mpaka ukakaa chini. Kumpa simbilisi jina! Si bora angekipa jina kiazi?

Kanali alidekezwa kupita watoto wa nyumba hiyo walivyowahi kudekezwa. Alijengewa kizimba chenye sakafu ya waya ili uchafu udondoke chini na karakana isinuke. Asubuhi alikula mkate uliochovywa kwenye supu, jioni kiazi cha kuchemsha, tena kilichomenywa. Akanenepa mpaka tumbo likawa linafagia waya. Halafu masika yalipokuwa yanakatika, akaanza kuchechemea.

Wa kwanza kuona alikuwa Nikanor, kaka yake Basilia, muuza pombe ya mahindi ng'ambo ya njia, mtu asiyekuwa na siri wala haya.

"Shemeji," alisema, "huyo mkuu wako wa jeshi anatembea kama aliyekesha kwangu."

"Achana naye. Kachoka tu."

"Kachoka na nini? Kazi yake hapa nini? Mimi naona kaiva. Kabla hajakonda, bwana, mwite dada yangu aje na kisu."

Melkiades hakucheka. Usiku ule alimweka Kanali mezani, akavaa miwani, akaanza kuhesabu vidole. Mbele vinne na vinne. Nyuma, huku vitatu, huku vinne! Akampigia Basilia kelele kama aliyegundua dhahabu.

"Mama watoto! Njoo uone! Kidole kimezidi, ndicho kinachomlemaza!"

Basilia alikuja akijifuta unga mikononi, akaangalia, akasonya. "Mzee wangu, nusu ya walioko jikoni wanacho. Mama yake alikuwa nacho, na bibi yake pia, na wote wamekula vizuri na wameliwa vizuri. Hicho kidole kinaning'inia tu, hakimuumi mtu."

Mtu mwingine angeuliza kinachomuuma ni nini. Melkiades alikuwa fundi viatu, na fundi viatu akiona mguu unauma hawazi ila jambo moja. Asubuhi alikata vipande vya ngozi ya mwanakondoo, laini mno, akashona buti nne zenye kamba. Niseme ukweli, zilikuwa kazi nzuri. Hata mishono haikuonekana.

Nikanor nusura afe kwa kicheko. "Anavaa namba ngapi? Na akienda kanisani je, utamshonea za visigino virefu?" Akawaita wateja wake wavuke njia waje kuona, nao wakaja na vikombe mikononi. Melkiades aliwafukuza wote kwa nyundo.

Lakini Kanali na buti zake hakutembea hata kidogo. Alijikunyata pembeni mwa kizimba, amegeukia ukuta, manyoya yamesimama, na siku ya tatu akaususia hata mkate. Melkiades alimbeba ndani ya kofia mpaka jikoni. Basilia alipomwona uso akaacha utani kwa muda mfupi, ambao kwake ulikuwa muda mrefu sana.

Alizifungua buti. Ndani kulikuwa na unyevunyevu na harufu mbaya. Akamgeuza Kanali chali kiganjani.

"Wewe umetazama nyayo za mji mzima," alisema. "Za huyu ulishawahi kuzitazama?"

Hakuwahi. Kanali peke yake ndiye ambaye mzee alimsalimia usoni.

Nyayo za nyuma zilikuwa nyekundu, zimevimba, hazina unyoya, na kila mmoja una kigaga cheusi katikati, kikubwa kama dengu. Kucha zimerefuka hadi zimejikunja kwa upande na kumpotosha mguu. Basilia akachomoa mwingine yeyote kutoka mekoni, naye akamgeuza. Nyayo zake zilikuwa kavu, laini, zenye rangi moja, na kucha fupi.

"Waya," alisema Basilia. "Waya na hilo tumbo. Uzito wote huo juu ya uzi wa chuma, mchana na usiku. Tena ukamfunga kidonda ndani ya ngozi kioze vizuri. Na simbilisi anaishi kwa mkate tangu lini? Asipopata majani mabichi viungo vinamvimba na kidonda hakifungi. Hawa wa kuliwa wana miguu mizima, huyu wa kupendwa ndiye kilema!"

Melkiades aliinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumwambia neno lililomuuma kama hilo.

"Atapona?"

"Sijui. Atakaa hapa kwangu, kwenye majani makavu, na wenzake. Nakupa mpaka mwezi wa kumi, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko. Ikifika bado anachechemea, anaingia kwenye mafuta. Simwachi mnyama ateseke kwa sababu wewe una upweke."

Tangu hapo mzee alikuwa jikoni kila asubuhi, akimkera mkewe. Alimwosha Kanali nyayo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akamkausha kwa kitambaa, akampaka dawa aliyopewa na mganga wa mifugo sokoni. Kucha alizipunguza kwa koleo la ngozi, kidogo kidogo, akiziinua kwenye mwanga ili asikate mshipa. Alikata mwenyewe majani mabichi ya lusini kando ya mfereji, na viatu vya watu vikangoja. Kanali alikonda. Vigaga vililegea polepole mno, vikadondoka. Ila asubuhi za baridi bado aliuvuta mguu mmoja.

"Anatembea au hatembei?" mzee aliuliza mkesha wa sikukuu.

"Anatembea kama wewe ukitoka kwa Nikanor," alijibu Basilia, akaendelea kunoa kisu.

Siku yenyewe Melkiades alikuwa miongoni mwa wabeba sanamu ya mtakatifu, na hakurudi mpaka mchana. Jikoni kulijaa moshi na ndugu wa mke, hata pale pembeni mwa meko penye simbilisi hapakuonekana. Alisukumwa mezani, sahani ikatua mbele yake: viazi, pilipili, na simbilisi mzima wa kukaanga, mwekundu, ametandaza miguu yote minne.

Meza ilianza kula. Melkiades alivaa miwani. Aliuinua mguu mmoja wa nyuma kwa vidole viwili, akautazama unyayo, akaugeuzia dirishani.

"Jamani, shemeji anampima viatu!" Nikanor alipiga ukelele, na watu wakavunjika mbavu.

Mzee hakusikia. Akauinua na wa pili. Hakuna kovu. Hakuna hata alama. Akapiga ishara ya msalaba na kuanza kula kama mtu aliyetoka kifungoni. Alikula mpaka kwenye mifupa.

Basilia alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria. "Mtamu?"

"Mtamu sana, mama watoto. Mungu akubariki."

"Ni mwanawe Kanali. Ulidhani miezi yote hiyo kati ya wanawake alikuwa anauguza mguu tu?"

Melkiades aliacha kutafuna. Aliutazama ule mguu wa mwisho uliobaki mkononi, mdogo, ulionyooka, wenye kucha nzuri.

"Alikuwa na miguu mizuri," alisema kwa uchungu wa kweli, akaumalizia.