Video Iliyoambiwa Imekufa

Sijapata kuelewa kwa nini watu huandika MP4 mwishoni mwa jina la faili wakadhani wamekwisha kueleza kilichomo. Juzi, nikiwa kwenye duka la video hapa Tanga, mama mmoja alileta flashi yenye video pekee ya marehemu mama yake, ambamo marehemu anamwombea yeye dua siku ya harusi yake. Kwenye runinga ya dukani sauti ilisikika, picha haikutokea.

“Imekufa hii, bi mkubwa. Niifute nikuwekee tamthilia?” fundi akauliza, kidole tayari kwenye kitufe.

“Umfute mamangu uniwekee tamthilia?”

Mwalimu aliyesubiri zamu akauondoa mkono wa fundi taratibu, akafungua maelezo ya faili kwenye kompyuta ya duka. “MP4 ni kifungashio tu. Ndani picha imebanwa kwa H.265, mtindo mpya wa kubana video, na runinga yako kuukuu inajua ule wa zamani tu, H.264. Mjinga ni runinga, si marehemu.”

Fundi hakuwa na nia mbaya. Lakini kutamka “imekufa” kabla ya kuangalia ndani kuliniudhi mno.

Ikaamuliwa faili la asili lisiguswe, nakala igeuzwe iwe H.264, na jina litaje mbano wa picha na wa sauti. Fundi aligeuza, picha ikatokea. Jina aliliandika mama mwenyewe, herufi moja moja: “Mama, dua, picha H.264, sauti AAC.”