Muhogo wa Makaburi Kumi na Moja

Bi Sihaba aliishi jela kwa miaka kumi na minne, na ufunguo alikaa nao mwenyewe. Ndivyo alivyowajibu waliomtania njiani, huko Dimani, kila walipomuuliza kifungo chake kitaisha lini.

Jela yenyewe ilikuwa uso tu. Ilikuwa na mlango, dirisha la nondo za mti zilizopakwa rangi ya chuma, na ubao juu wenye neno la Kiingereza la herufi nne. Nyuma hapakuwa na kitu isipokuwa boriti za mikoko zilizoutegemeza ukuta usianguke. Pembeni zilisimama nyuso nyingine: benki isiyo na chumba, kanisa lisilo na madhabahu, hoteli ambayo ngazi zake zilipanda na kuishia hewani.

Mwaka 1988 nchi ilikuwa inafungua milango, na kila mgeni aliyeshuka na begi aliitwa mwekezaji. Kampuni ya picha kutoka Ulaya ilikuja kutafuta mahali pa kujenga mji wa makauboi. Amerika ni mbali na ghali, walisema, na hapa kiangazi kina vumbi la kutosha. Walimkuta Sihaba na mama yake, Bi Fatu, katika shamba lao la mikorosho, wakaahidi kwa maandishi kwamba watalirudisha kama walivyolikuta. Kisha wakakata minazi minne, kwa kuwa katika nchi waliyokuwa wanaiigiza hakuna minazi. Wakabomoa na nyumba ya udongo, maana ilikuwa inaonekana kwenye kamera.

Bi Fatu alitazama minazi ikianguka. Mwezi wa tatu wa ujenzi alifariki, akazikwa ukingoni mwa shamba, nyuma ya lile kanisa la mbao. Wacheza picha walinyamaza kwa saa moja, kisha wakaendelea kupigana risasi za uongo.

Masika yalipoingia, mji wa vumbi ukawa mji wa tope. Farasi walizama mpaka magotini. Kampuni ikafunga mizigo ikaenda zake, na picha yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Waliacha nyuso za nyumba, na mbele ya kanisa wakaacha makaburi kumi na moja ya kuigiza: matuta ya mchanga, misalaba ya mbao, majina ya kizungu na miaka ya karne ya kumi na tisa.

Sihaba akaikamata jela, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imara. Akaikandikia kuta tatu za udongo kwa nyuma, akaiezeka makuti. Yale matuta yalikuwa yametifuliwa vizuri, na mtu wa jembe hauachi bure udongo wa namna hiyo. Akapanda muhogo.

Mwaka 1994 akaja Gasper, afisa ardhi, kijana mpole mzaliwa wa Kilimanjaro. Siku aliyokuja kupima, Sihaba alikuwa amepeleka mikeka sokoni Kibiti. Gasper alikuta mji, akakuta misalaba, akaandika alichokiona. Wiki iliyofuata akausomea mkutano wa kijiji: masalia ya makazi ya walowezi; makaburi ya Wazungu, kumi na moja; wakazi, hakuna; mvamizi mmoja, mwanamke, anayeishi katika jela ya zamani.

Watu walicheka mpaka aliposoma mstari wa mwisho. Ardhi iliyokuwa ya walowezi sasa ni ya serikali, na serikali imempata mtu wa kulima korosho kwa matrekta. Ulibaki muhuri wa mwenyekiti tu.

Mwenyekiti alikuwa Mtoro, binamu yake Sihaba. Alieleza kwamba mji ule ni wa picha, na watu wakaitikia. Gasper akajibu kwa adabu kwamba kila kijiji alichopima wenyeji hutoleana ushahidi wa kulindana. Akaomba mkataba wa kampuni. Mchwa walikuwa wameshaumaliza. Sihaba akasema basi makaburi yafukuliwe. Gasper akasema kaburi halifukuliwi bila kibali, na kibali hakitolewi kwa neno la mtu mmoja. Angerudi baada ya siku saba kuchukua muhuri.

Siku ya saba Sihaba aliwaita wote makaburini. Alikuwa ameinjika chungu, na nazi imeshakunwa.

"Unatupikia matanga, binamu?" Mtoro alimchokoza. "Au umesikia kwamba steringi wa picha hafi?"

"Steringi anakufa akishiba vya watu, kama wewe," alijibu. Kisha akamgeukia Gasper. "Mwanangu, mimi sijui kizungu. Nisomee majina."

Gasper akasoma jina la kwanza, na mwaka: 1881. Sihaba akashika shina la muhogo lililoota kifuani pa marehemu huyo, akalitikisa, akaling'oa na mizizi yake mitano. Akaenda kwa wa pili. Alipofika wa kumi na moja kikapu kilikuwa kimejaa. Akamenya, akapika kwa tui mbele yao wote.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Dimani hakuna anayetia mdomoni kilichoota juu ya maiti. Mtoro akala, wazee wakala, na kwa kula kwao walikuwa wanaapa. Ikabaki sahani ya Gasper. Akila, amekiri kwamba chini hakuna mtu.

Gasper aliitazama sahani, akatabasamu kwa huzuni.

"Mama, nisamehe. Kwetu tunazika migombani, na ndizi tunakula. Babu yangu yuko chini ya mgomba uliotulisha sote. Nikila muhogo wako, haithibitishi kitu."

Mtoro alipapasa mfuko aliotia muhuri, akatazama chini. Sihaba alibaki ameshika upawa, mchuzi ukidondoka mchangani. Siku saba alikuwa ameliwaza jambo moja tu, nalo limevunjika mikononi mwake.

"Babu yako," alisema mwishowe, "aliitwa nani?"

"Agapiti."

"Mgomba wake unaujua?"

"Naujua hata gizani."

"Nani anaufagilia?"

"Shangazi yangu. Kila Jumamosi."

"Sawa. Na huyu wa 1881, nani anamfagilia? Miaka sita niko hapa. Hajaja mtoto, hajaja mjukuu, hajaja hata mtu wa kumdai. Wafu kumi na moja, wote hawana hata shangazi mmoja? Inuka, mwanangu. Nikuonyeshe maiti."

Akampeleka nyuma ya kanisa la mbao. Palikuwa na tuta dogo lililofagiwa, alama za ufagio bado mbichi. Kichwani pake bakuli jeupe la bati lilifukiwa hadi nusu, lile Bi Fatu alilolia chakula. Hapakuwa na jina wala mwaka. Hatua mbili kutoka kwenye bakuli kilisimama kigingi cha upimaji, chekundu, kimepigwa kwenye miguu ya marehemu.

Kigingi kile Gasper alikipiga kwa mkono wake.

Alivua kofia. Akapiga magoti, akakitikisa kigingi mpaka kikatoka, akaziba tundu kwa kiganja. Sihaba hakumsaidia, wala hakumwambia si kitu.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Mwandike. Na mimi niandike, tena si mvamizi. Kama unataka kunitoa jela, kawalete walioijenga."

Gasper alirudi kwenye chungu, akafungua daftari gotini. Akafuta kumi na moja, akaandika moja. Akafuta hakuna, akaandika jina la Sihaba. Ndipo akaivuta sahani, akaula muhogo uliokwisha kupoa.

Korosho za matrekta zilikwenda kulimwa kwingine. Mvua kubwa za mwaka 1997 ziliiangusha benki, zikaiangusha hoteli na ngazi zake. Jela nayo ililala. Sihaba akaagiza boriti mpya za mikoko kutoka delta ya mto, akausimamisha ukuta upya, na ule ubao wa herufi nne akaupigilia palepale. Mtoro alimuuliza kwa nini asijenge nyumba ya kawaida kama watu. Akasema atatoka humo siku ya kwenda kwenye bakuli, na si kabla.

Siku hizi mabakuli ni mawili, na Mtoro ndiye anayefagia.